Maji Yachemkayo Bila Moto

3 Juni

Mama Viungo ameniamuru niandike kila siku, hata mstari mmoja, ili akili isigande pamoja na mguu. Huyu ndiye mwanamke aliyekabidhiwa goti langu. Ana mikono mipana na hacheki ovyo. Haya, naandika. Tumefika leo asubuhi, mimi na fimbo yangu, wifi yangu na cherehani yake. Nyumba ni ya mawe, ndefu, imekaa mgongoni mwa mlima, na kiangazi kimeshaanza kukausha nyasi zote zilizoizunguka. Katikati kuna ukumbi wenye bwawa la maji moto, mvuke umejaa hadi darini. Watu huingia humo na viungo vibovu, wakatoka na viungo afadhali. Ndiyo sifa ya mahali hapa.

Mama Viungo alilishika goti akalikunja hadi lilipokataa, nami nikapiga ukelele ambao nadhani ulisikika hadi jikoni. Akasema, "Mama, hili lina msimu huu tu. Mvua zikianza halijakunjika, litabaki limenyooka kama mpini wa jembe, na hakuna atakayelirudisha." Nikamweleza kwamba kazi yangu ni kuchagua pampu za maji, na pampu hazikai sebuleni. Zinakaa visimani na juu ya minara, na ni huko nilikoanguka, kwenye ngazi ya tangi. Mguu usiokunjika utanifungia ofisini nigonge mihuri hadi nizeeke. Akanitazama kidogo. "Basi majini kila siku, asubuhi na alasiri. Usikose hata mara moja."

4 Juni

Maji matamu, ila yana mchanga. Unakwaruza kovu la goti, nimetoka likiwa jekundu. Nimelalamika mezani, nimelalamika chumbani, nimelalamika hadi nimejichoka mwenyewe. Wifi alikuwa anatunga uzi kwenye sindano.

5 Juni

Niandike kuhusu wifi, maana ndiye ninayemwona kuliko jua. Ni dada mkubwa wa mume wangu. Mume wangu hakupata ruhusa kazini, akamtuma dada yake aje kunitunza. Sikumwomba, na sidhani kama naye aliomba. Ni fundi cherehani, na amekuja na cherehani yake ya mkono akiipakata safari nzima kama mtoto mchanga, huku mimi nikigombana na fimbo. Tangu niolewe hatujawahi kukaa chumba kimoja zaidi ya siku ya sherehe. Anashona, anaimba puani, anashona. Nikimwambia asante anainua mabega. Nikinyamaza anauliza kama nimenuna. Wifi ni wifi, hata umbebe mgongoni atasema mgongo wako una mifupa.

9 Juni

Nimegundua raha moja. Unalala chali majini, masikio yanazama, na dunia yote inazimika. Kinachobaki ni pampu. Iko chini kabisa, kwenye chumba cha mawe kilichojengwa juu ya kisima cha maji moto, na ngazi ndefu inateremka kutoka ukumbini hadi huko. Sauti yake inapanda ndani ya bomba, inapita kwenye maji, inaingia kifuani. Mmmm, moja tu, nzima, haina kikohozi. Nikaisikiliza hadi nikaanza kuona mambo. Niliona nyumba yote imeng'oka, inaelea juu ya mvuke taratibu, na sisi wagonjwa tumo ndani hatuna habari. Mama Viungo alinipiga kofi la shavu. "Hapa hatulali, mama. Kunja."

10 Juni

Kisigino kimesogea kuelekea pajani. Kidogo, lakini kimesogea.

13 Juni

Upepo. Vumbi hadi ndani ya kikombe.

17 Juni

Leo maji laini ajabu, hayana hata chembe ya mchanga. Kovu limetulia. Nikamwambia wifi, "Unaona? Nililalamika, wamesikia." Akasema, "Hongera." Akaendelea kuimba puani.

25 Juni

Baada ya bwawa la alasiri usingizi unanichukua hivi hivi nikiwa kwenye kiti cha barazani, taulo kichwani. Nimeota wifi anashona maji. Alikuwa ameyakunja kwenye pindo, pini mdomoni, anageuza gurudumu la cherehani, na maji yanapita chini ya sindano bila kumwagika. Nikamwuliza gauni la nani. Akainua mabega. Niliamka nikiwa na hasira naye kwa jambo alilolifanya ndotoni, na hiyo si haki, najua, lakini hasira haisomi sheria.

2 Julai

Kisigino bado kiganja kimoja na nusu kufika pajani. Kilianza na viganja vitatu. Mama Viungo amesema "Hmm," na kwa Mama Viungo hiyo ni sherehe.

11 Julai

Nililala chali, masikio yakazama, nikasikia kokoto.

Nilidhani nimekosea. Nikainuka, nikazama tena. Kokoto. Pampu inatafuna kokoto, krr, krr, krr. Mtu mwingine angesema mchanga umezidi, lakini mimi nimeishi na sauti hii tangu nilipoanza kazi, naijua kama ninavyojua kikohozi cha mume wangu. Hakuna kokoto yoyote. Ni maji yanachemka.

Niandike vizuri maana nimemweleza wifi akanitazama kama ninayeweweseka. Watu wote wanaamini pampu inavuta maji. Haivuti. Pampu inafungua nafasi tu mdomoni mwake, halafu hewa yote iliyolala juu ya kisima, hewa ya juu hadi mawinguni, ndiyo inayoyasukuma maji yapande bombani. Na maji yanakaa kuwa maji kwa sababu hewa imeyabana. Ukiyapunguzia kubanwa, yanasahau kwamba ni maji, yanageuka mvuke papo hapo, bila moto. Mapovu yanazaliwa mdomoni mwa pampu, yanaingia ndani, yanabanwa, yanapasuka. Kila linapopasuka linang'oa chembe ya chuma. Ndizo hizo kokoto.

"Kwa hiyo pampu inakula mapovu," alisema wifi.

"Mapovu ndiyo yanaila."

"Makubwa!" Akakata uzi kwa meno.

12 Julai

Kokoto.

14 Julai

Kokoto, na maji bwawani yamepungua. Yananifika kiunoni badala ya kifuani.

18 Julai

Leo yananifika magotini, na goti langu ndilo nililolileta hapa lizame. Hakuna aliyeoga alasiri. Msimamizi wa nyumba alikuja ukumbini na viatu vyake vinavyong'aa, akasimama ukingoni, akatangaza kwamba pampu imezeeka na ataagiza nyingine kubwa zaidi. Ni mtu mwema lakini anapenda vikubwa. Meza yake kubwa, sahihi yake kubwa, hata chafya yake.

Nikamwambia kutoka majini, nimekaa kama chura, "Kaka, ukileta kubwa utaua kisima na bwawa kwa pamoja."

"Dada, kubwa inavuta zaidi."

"Pampu haivuti!"

Watu wakacheka. Nikalazimika kueleza tena. Kila pampu ina akiba inayoihitaji, kipimo cha msukumo kinachobaki mdomoni mwake baada ya kila mtu kuchukua chake. Sisi kazini tunaita akiba ya ufyonzaji. Kisima kinatoa akiba fulani, pampu inadai akiba fulani. Inayotolewa ikizidi inayodaiwa, mnalala salama. Ikipungua, maji yanachemka mdomoni, mnasikia kokoto. Na pampu kubwa inadai zaidi. Mbele ya kisima hiki itakuwa mlafi aliyekaribishwa kwenye nyumba yenye sahani moja.

Msimamizi akafikiri. "Basi nipe namba. Nataka kuagiza Ijumaa ya wiki ijayo."

Namba nitazipataje? Ziko chini ya ngazi ile, na mimi ngazi naiogopa kama moto.

19 Julai

Nimemtuma wifi. Hakukataa. Nilimwelekeza: ateremshe kamba kisimani pampu ikiwa inafanya kazi, siyo ikiwa imelala, maana maji hushuka inapoanza kunywa, apime kutoka uso wa maji hadi mdomo wa pampu, azamishe kipimajoto humo humo kisimani, aangalie urefu na unene wa bomba la kufyonza. Akachukua tepu yake ya cherehani akaitupia shingoni, akateremka. Nikabaki juu nasikiliza Baba Kelele akimpigia makelele. Ndiye mtunza pampu. Amekaa nayo hadi masikio yamekuwa mazito, kwa hiyo anazungumza na watu wote kana kwamba wako ng'ambo ya mto. "SHIKA HAPO MAMA! USITUMBUKIE!"

Wifi akarudi amelowa jasho, nywele zimemshika usoni, namba zimeandikwa kwa chaki ya ushonaji kwenye kipande cha kitambaa.

20 Julai

Hesabu, kama ilivyo.

Hewa ya usawa wa bahari ingesukuma maji mita kumi na kidogo. Hapa mlimani hewa ni nyepesi, inaweza nane na nukta nne tu. Hapo ndipo tunapoanzia. Maji ni ya nyuzi sitini, na maji ya moto namna hiyo yanatamani kuwa mvuke. Tamaa yake inakula mita mbili. Kutoka uso wa maji hadi mdomo wa pampu, wifi amepima mita mbili na nukta sita. Zinaondoka. Msuguano ndani ya bomba na kwenye kichujio kilichoko mwishoni mwake, nukta sita. Zinaondoka.

Inabaki mita tatu na nukta mbili. Pampu iliyopo, kibao chake kinadai mbili na nusu. Kuna ziada.

Yaani pampu hii haina sababu ya kutafuna kokoto. Kwenye karatasi ni nzima, inaimba. Nimezirudia namba hadi zimeanza kuogelea machoni. Mara naziona zimesimama ukingoni mwa bwawa na taulo, zinasubiri zamu.

21 Julai

Sikuingia majini. Hakuna maji.

22 Julai

Mama Viungo amepima kisigino. Kimerudi nyuma. Viganja viwili. Alipima mara ya pili, akanifunika mguu kwa shuka kama mtu anayefunika chungu. "Goti halisubiri," alisema. Nililia. Sitaki kuandika zaidi.

24 Julai

Msimamizi amenijibu kwa adabu, na ndiyo imeniuma zaidi. "Dada, hesabu yako inasema pampu ni nzima. Masikio yangu yanasema inakufa. Nimsikilize nani?" Ijumaa ni keshokutwa. Anaagiza kubwa. Inayodai mita nne na nusu! Ikifungwa hapa itachemsha maji siku ya kwanza, na hadi igundulike, hadi irudishwe, mvua zitakuwa zimenyesha na mimi na mguu wangu wa mpini tutakuwa tumesharudi nyumbani.

Nimekaa, nimefikiri, nimewachunguza wote waliomo kwenye hesabu, mmoja mmoja. Hewa haidanganyi. Mvuke haudanganyi. Bomba ni bomba. Namba pekee iliyopitia mikononi mwa mtu ni ile ya wifi.

Nikamwuliza taratibu. Naapa nilianza taratibu.

"Wifi, una hakika ulipima pampu ikiwa inafanya kazi?"

"Ndiyo."

"Siyo kwamba joto lilikuzidi ukapima haraka haraka ili upande?"

Cherehani ikasimama. "Unasema nimedanganya?"

"Nasema labda ulikosea. Si kazi yako hii. Kupima kisima si kupima gauni."

Akaondoa mkono kwenye gurudumu la cherehani. Sijawahi kumwona uso ule. "Nimepima viuno vya watu maisha yangu yote, na hajarudi mtu gauni likimbana. Nimeacha wateja wangu, nimekuja kukaa huku kwenye vumbi nikufulie, nikuvishe, nikushike mkono chooni. Nimeshuka kule kwenye jehanamu ile kwa ajili yako. Kama huniamini, miguu unayo. Shuka mwenyewe ukapime."

"Unajua siwezi kushuka!"

"Najua huthubutu."

Akavaa viatu akatoka. Mimi nikabaki na cherehani yake.

25 Julai, asubuhi

Amelala upande wa pili wa chumba, amegeukia ukuta. Chai ameniletea, ameiweka, amerudi kitandani. Chai ya mtu aliyekasirika ni chungu hata iwe na sukari.

25 Julai, alasiri

Lazima niandike wakati nakumbuka.

Nilishuka. Hakuna aliyenisukuma isipokuwa yale maneno yake. Watu walikuwa wamelala baada ya chakula, ukumbi mtupu, bwawa limebaki na maji ya kulowesha vidole. Nilikaa kwenye ngazi ya juu kwa makalio, nikatanguliza mguu mbovu, nikafuata mzima, nikatanguliza fimbo. Ngazi sikuzihesabu, ningezihesabu ningerudi. Kila nilivyoshuka mvuke ulizidi, jua la ukumbini likageuka maziwa, na kuta zikawa na jasho. Mahali fulani katikati nilisahau kama nateremka au napanda. Nilijihisi mimi ndiye maji, niko ndani ya bomba, na kuna hewa kubwa mno nyuma ya mgongo wangu inayonisukuma polepole, haina haraka. Sikuogopa tena. Nilifika chini nikiwa nimekaa, kanzu imelowa chapachapa, na goti linapiga kama ngoma.

"MAMA WEE! NANI AMEKUTUPA?" Baba Kelele.

Nikaomba kamba na tepu. Pampu ilikuwa inafanya kazi, krr, krr. Niliweka ncha ya fimbo kwenye tumbo lake la chuma na ncha nyingine sikioni, nikazisikia kokoto hadi kwenye meno. Kisha nikapima. Nilipima kwa kamba, nikapima kwa tepu, nikazamisha kipimajoto nikasubiri.

Mita mbili na nukta sita. Nyuzi sitini. Kila kitu kama alivyoandika kwa chaki. Wifi hakukosea hata kwa unene wa ukucha.

Uso uliniwaka, na si kwa mvuke. Nilikaa palepale nikijiuliza nitamtazamaje, kisha lile swali la kazi likarudi, maana halimwachi mtu. Kama namba zote ni za kweli, basi kuna mtu anayechukua msukumo na hayumo kwenye hesabu. Yuko wapi? Mahali pekee ambapo mimi na wifi hatukupaona ni chini ya maji.

"Baba, zima pampu. Tuvute bomba la kufyonza, nione kichujio."

"KICHUJIO KIZIMA! KIMEVAA NA NGUO!"

"Kimevaa nini?"

Akavuta bomba, mikono kwa mikono, linapanda linatiririka. Kikatokea kichujio kikiwa ndani ya mfuko. Mfuko wa kitambaa, umekazwa kwa kamba shingoni, umepakwa tope la chumvi la rangi ya kutu, nene, linateleza kama uji. Maji hayakuwa na pa kupita. Pampu ilikuwa imezibwa mdomo, inahema kupitia kitambaa. Nikaufuta tope kwa kidole gumba ili nione umefungwaje, nikaona mshono. Mistari miwili, midogo, imekaribiana, haikupinda popote. Mshono huo nimeutazama kila siku tangu tuje hapa.

Nikainua kichwa. Wifi alikuwa amesimama kwenye ngazi, nusu yake imo mvukeni. Sijui alinifuata tangu lini. Nadhani tangu mwanzo.

"Wifi, hii nini?"

"Mfuko."

"Naona ni mfuko. Ni wewe?"

Akaangalia pembeni. "Ulisema mchanga unakuumiza kovu."

Maji yanadondoka kutoka kwenye mfuko, tap, tap. Baba Kelele akaona ndiyo nafasi yake. "ALINIOMBA NISISEME! ETI UTAMCHEKA!"

"Sikujua unaziba," wifi akasema, sauti imekuwa ndogo. "Niliufua kwanza. Nilichagua kitambaa chepesi. Wifi, kama ndio mimi niliyekuharibia mguu..."

"Nyamaza."

"Kweli sikujua."

"Nyamaza, wifi, nimekuita mwongo." Nikaanza kufungua kamba ya mfuko. "Mbona hukuniambia tangu mwanzo?"

"Ningekuambia ungesema asante, na mimi nisingejua pa kuiweka."

Akashuka ngazi zilizobaki akakaa kando yangu kwenye jiwe lenye maji, gauni lake zuri na yote. Tukalia sote wawili. Baba Kelele alirudisha bomba lisilo na mfuko kisimani akawasha pampu, tukasikia: krr moja, krr ya pili, kisha mmmm. Ilikuwa na ukwaruzo kidogo kama mtu aliyetoka kwenye mafua, lakini ilikuwa mmmm. Niliposikia hivyo nilimkumbatia. Ananukia mafuta ya cherehani.

Kupanda alinipandisha yeye, kwapa kwa kwapa, ananitukana kila ngazi.

26 Julai

Ijumaa. Maji yamerudi kifuani. Msimamizi amepata namba zake. Pampu ya zamani mapanga yake ya ndani yameshaliwa, yana vishimo kama ubao wa mchwa, haitafika mbali. Kwa hiyo mpya lazima, lakini si kubwa. Nimechagua moja inayozunguka polepole, mdomo mpana, inayodai mita moja na nusu tu, ili hata kiangazi kikikausha kisima nusu mita nyingine bado kuna ziada. Alitazama picha yake akasikitika. "Imekaa kinyonge."

"Kaka, mkakasi nao una uzuri wa nje."

Akacheka, akatia ile sahihi yake kubwa.

30 Julai

Mchanga umerudi. Kovu linawasha. Sijalalamika. Wifi ananiangalia kila nikitoka majini, nami najifanya sijikuni.

8 Agosti

Kisigino kiganja kimoja na nusu. Tumekipata tulipokiacha.

15 Agosti

Wifi ameniuliza kitu cha akili. Je, shida ni kitambaa, au ni udogo wa mfuko? Nikakaa kitako. Shida ni udogo! Kichujio kile ni kama ngumi, maji yote yalikuwa yanagombania tundu moja. Ukichukua fremu kubwa, kama tenga la kuku, ukaivika kitambaa hicho hicho, maji yatapita kila upande bila kusukumana, na hayatadai karibu chochote. Na ukiifua kila Jumatatu haitazibika. Tumechora hadi chai ikapoa. Anachora vizuri kuliko mimi.

16 Agosti

Cherehani tangu asubuhi. Naipenda sauti yake sasa, sijui tangu lini.

29 Agosti

Pampu mpya imefika. Wameifunga pamoja na tenga letu. Nilimlazimisha wifi aingie majini, yeye ambaye tangu tuje hajalowesha zaidi ya kifundo, maana anaogopa. Nikamshika kichwa kwa mikono miwili, nikamwambia legea, nitakushika. Masikio yake yakazama. Akafumbua macho makubwa.

"Wifi," akasema kwa sauti ya Baba Kelele, kwa kuwa hakuisikia sauti yake mwenyewe, "INAIMBA PUANI!"

"Kama wewe."

"NINI?"

5 Septemba

Nusu kiganja.

12 Septemba

Mawingu ya kwanza, mbali, hayana maji. Mama Viungo ameyatazama, kisha akatazama goti, hakusema hata "Hmm". Nusu kiganja ile ile. Imekataa kusogea wiki nzima. Anasema wakati mwingine goti huogopa mwisho. Mume wangu amepiga simu, amesema nisihuzunike, hata likibaki hivyo atanipenda. Nimemshukuru. Lakini mimi nataka likunjike.

19 Septemba

Usiku mvua ilipiga bati mara moja ikaondoka.

23 Septemba

Jumatatu, siku ya kufua tenga. Tulishuka mimi na wifi, kwa miguu, nikishika ukuta tu. Baba Kelele alivuta bomba, tukalivua tenga nguo yake chafu, wifi akatoa safi. Kamba ya chini ilikuwa imekaza, haikubali kufunguka, na yeye alikuwa ameshika fremu kwa mikono miwili. Nikainama nikaishika, nikaivuta, nikaifungua, nikavika kitambaa kipya, nikakaza fundo, nikahakikisha mshono haujapinda. Nilikuwa namweleza jambo, sikumbuki lipi, nadhani ni la kaka yake na kukoroma kwake.

Nikaona hajibu.

"Wifi," akasema taratibu, "usishtuke. Umepiga magoti."

Nikatazama chini. Yote mawili yalikuwa kwenye jiwe, sawasawa, na kisigino kimegusa paja, hakuna nafasi hata ya kidole. Sikuwa nimesikia maumivu. Nilikaa hivyo, mvuke unanipita usoni, siamini ni mguu wangu. Pampu ilikuwa imezimwa, na juu yetu, mbali, mvua ilianza kunyesha ya kweli.

Wifi akajipangusa macho kwa ule mfuko mchafu, akajipaka tope la kutu shavu zima. "Haya inuka," akasema. "Kama ni msamaha nilishakupa zamani."

"Siinuki," nikamwambia. "Niache kwanza."

Akapiga magoti kando yangu.